Sanamu ndogo, kazi ndogo?

Wengi tunaamini msanii wa sanamu ndogondogo, zile za kukaa kiganjani, ana kazi rahisi, kitu kidogo si kitaisha haraka. Inaeleweka, maana kikubwa ndo hula mbao nyingi. Ila udogo unapunguza mbao tu, kosa haulipunguzi. Chukua skeli ya 1 kwa 12, hutumika sana kwa vijumba vya modeli: mlango wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, wa mita 2.4 unabaki sentimita 20, sasa ukikosea milimita 1 kwenye nakshi ni kama fundi wa mlango wenyewe kakosea milimita 12, na hiyo yakhe utaiona hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwa 1 kwa 87, ya treni za modeli, mtu mzima anakuwa kama sentimita 2, uso wake haufiki nusu ya punje ya mchele!

Kuhakikisha mwenyewe kama sanamu ni ya mkono si ngumu, weka sarafu kando yake, piga picha kwa simu halafu zuumu. Zikiwa mbili za aina moja zilinganishe, za kumiminwa kwenye kalibu hufanana mpaka kasoro, za mkono huachana mahali. Ama jaribu mwenyewe, mimi nilichonga jahazi la urefu wa kidole, mlingoti ulikatika mara tatu kabla ya tanga.