CD ya MP3 ni nini, na kwa nini deki nyingine haiisomi

CD ya MP3 ni CD iliyochomwa nyimbo zikiwa mafaili yaliyobanwa, tofauti na CD ya muziki ya kawaida. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana mtu anaweza kununua CD ya kwaya pale Majengo, Dodoma, imeandikwa "nyimbo 150", akaiweka kwenye deki ya zamani nyumbani, ikazunguka weee, kisha kimya.

CD ya kawaida, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huhifadhi sauti bila kuibana: kila sekunde hupimwa mara 44,100 kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo huchukua biti 16. Hiyo ni kama megabaiti 10 kwa dakika. CD hujaa kwa dakika 74 au 80, yaani nyimbo ishirini hivi za dakika nne nne.

MP3 hutumia udhaifu wa sikio. Ngoma za muheme za akina mama wa Kigogo zikiunguruma, sauti ndogo yenye mlio wa karibu na huo, ikitoka wakati huohuo, humezwa. Ipo, lakini huisikii. Programu hukadiria kitakachomezwa, ikakihifadhi kijuujuu au kukitupa kabisa. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walikuwa miongoni mwa walioibuni, na jina la MP3 likaanza kutumika mwaka 1995. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya wimbo hushuka hadi megabaiti moja hivi, na CD ya megabaiti 700 hubeba zaidi ya saa 12. Basi linaloondoka Dodoma asubuhi litaingia Dar es Salaam nyimbo hazijaisha.

Kazi ya kuyafungua mafaili hayo inabaki kwa mashine. Deki lazima iweze kusoma folda na mafaili kama kompyuta, kisha ikokotoe MP3 kuwa sauti tena, papo kwa papo. Isiyo na uwezo huo hutafuta nyimbo za mtindo wa zamani, haizioni, basi. Angalia usoni mwa deki kama pameandikwa MP3. Kama hapana, kusafisha lenzi hakutasaidia kitu, na fundi anayekuambia alete lenzi mpya anataka hela yako tu.

Lakini kama maandishi yapo na bado inagoma, mshuku mchomaji. Huenda hakuifunga CD (ile hatua ya mwisho ya kuchoma, "finalize") alipomaliza kuichoma, au mafaili ni ya WMA, aina nyingine ya kubana muziki, ambayo si kila deki inayajua. CD-RW, ile ya kufutika na kuchomwa tena, nayo huakisi mwanga kidogo kuliko CD-R, ya kuchomwa mara moja tu, hivyo lenzi iliyochoka huikataa.

Unaweza kumwambia akuchomee upya iwe CD ya kawaida. Deki ya zamani itaipiga, ila utapata zile nyimbo ishirini tu, na kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi.

Kuhusu mpangilio, deki nyingi hufuata majina ya mafaili. Andika 01, 02, 03 mwanzoni mwa majina; ukianza na 1, 2, 3, wimbo wa 10 unaweza kulia mara tu baada ya wa kwanza.