Je, wajua? Adui asiye na mchezaji huamuaje pa kupiga?

Mchukue fundi wa bao, mfungie chumbani na ubao wake, umwambie acheze pande zote mbili. Mchezo utakwisha, lakini hatakuwa ameshindana na mtu. Kila hila anayoipanga upande huu, wa upande wa pili keshaijua, kwani ni yeye yule. Sasa badala ya bao weka uwanja wa vita mezani, na badala ya komwe weka vijisanamu vya urefu wa sentimita 3: mabaharia, vibwengo, zimwi mmoja mwenye rungu. Mwenzio wa kucheza naye yuko Wete, Pemba, wewe uko Ng'ambo, Unguja. Utapiganaje vita hivyo peke yako, na bado moyo ukudunde?

Siri yake imo ndani ya bao lenyewe. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na komwe 64, na lina sharti moja kali: mwenye kula hatakati, yaani hasogezi komwe bila kula. Ukiwa na pa kula, huwezi kujifanya hupaoni kwa kuwa panakuharibia mpango. Sheria imekwisha kukuamulia. Kanuni za kupigana vita vya vijisanamu peke yako zinalichukua sharti la namna hiyo na kulivuta mpaka mwisho: upande wa adui haubakiziwi chaguo hata moja. Kibwengo hapewi akili. Anapewa tabia, na tabia hiyo imeandikwa kabla vita havijaanza.

Wazo hili lina asili ya kijeshi. Mwaka 1824 afisa wa mizinga wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, von Reisswitz, alilitolea jeshi lake mchezo wa vita wa ramani na dadu, akiuendeleza ule wa baba yake. Pembeni alikaa mwamuzi, na kila upande ulionyeshwa vikosi vile tu ambavyo askari wake wangeweza kuviona. Anayecheza peke yake hana mwamuzi wala mpinzani, basi viti vyao vinakaliwa na vitu vitatu: karata, dadu na vizibo. Mwingereza Donald Featherstone aliandika kitabu kizima juu ya kucheza hivi mwaka 1973, na tangu hapo njia zimekuwa nyingi. Hapa tuchukue moja inayotosha meza ya sentimita 60 kwa 60, tuifungue kipande kwa kipande.

Kisa chenyewe: mabaharia 6 wameteremka pwani kuchukua sanduku lililo sentimita 30 kutoka kwenye dau lao, na maji yanapwa. Mwituni mna vibwengo 9, makundi matatu ya watatu watatu, na zimwi mmoja. Vichaka ni makumbi yaliyopakwa rangi ya kijani, mizizi ya mikoko ni njiti za ufagio wa chelewa zilizokatwa, majabali ni vifuu vilivyofudikizwa. Vijisanamu vya kununua vikikosekana, picha zilizochapwa kwenye karatasi ngumu na kubandikwa juu ya vizibo vya soda zinapigana vilevile.

Hatua ya kila mtu, baharia na kibwengo, ni sentimita 12. Ya zimwi ni 10. Baharia anaweza kukimbia sentimita 24 iwapo zamu hiyo hapigi. Aliyebeba sanduku hakimbii, lakini anaweza kumkabidhi mwenzake aliye ubavuni. Kumpiga mtu, baharia anahitaji 4 au zaidi kwenye dadu moja, zimwi vivyo hivyo, kibwengo 5 au 6. Kibwengo anakufa kwa jeraha 1, baharia kwa 2, zimwi kwa 3. Basi, sheria za ngumi haziko zaidi ya hapo, na hazina haja. Ladha ya mchezo wa peke yako haitoki kwenye ngumi. Inatoka kwenye nani anaanza, nani yuko wapi, na anataka nini.

Nani anaanza: kopa 6, moja kwa kila baharia, shupaza 3 kwa makundi ya vibwengo, ree ya pau kwa zimwi. Changanya, fungua moja moja, na karata inayotoka ndiyo inayocheza. Ongeza jokeri 2. Ya pili ikitoka, duru imekwisha hata kama wengine hawajacheza. Kwa nini mbili? Ukiweka moja, mara 1 katika 11 itatoka ya kwanza kabisa, na duru nzima itakufa mkononi. Zikiwa mbili, balaa hilo hushuka hadi mara 1 katika 66, na kwa wastani karata kati ya 6 na 7 zitacheza katika zile 10. Maana yake huwezi kupanga "kwanza mpiga upinde, halafu wa mkuki, halafu sanduku". Unapanga ukijua kuwa thuluthi moja ya mpango wako itapeperuka.

Nani yuko wapi: vizibo 8. Chini ya vitatu andika K, chini ya kimoja Z, vinne viache vitupu. Vichanganye vikiwa vimefunika, vitawanye vichakani. Baharia akifika ndani ya sentimita 15 na njia ya macho iko wazi, kifunue. Kundi la kwanza kutokeza linachukua shupaza 1, la pili 2, na kadhalika. Karata ya adui ikitoka na mwenyewe bado hajafichuka, kizibo kilicho karibu zaidi na watu wako kinasogea sentimita 10. Hapo ndipo roho inapopanda: kitu kinakuja, na nusu ya vitu hivyo si chochote. Vizibo lazima vyote viwe vya soda ya aina moja na vyenye umri mmoja. Kimoja kikiwa na kutu ubavuni, kufikia mchezo wa tatu utakuwa umekijua kama unavyoijua kandambili yako.

Sasa, adui anataka nini. Karata ya kundi ikitoka, rusha dadu 2 na ujumlishe. Ukipata 2 hadi 4, kundi limeingiwa na woga: linarudi hatua moja kwenye kinga iliyo karibu. Ukipata 10 hadi 12, limepandwa na wazimu: linamkimbilia aliye karibu zaidi na sanduku, hata kama njiani kuna mtu wa kupigwa. Jumla ya 5 hadi 9 ni siku ya kawaida. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Woga una 6, wazimu 6, kawaida 24. Yaani mara mbili katika tatu unaweza kumsoma kibwengo, na mara iliyobaki anakugeuka. Ukitumia dadu moja yenye tabia sita zilizo sawa kwa sawa, humsomi kabisa, na adui asiyesomeka anachosha upesi kuliko adui mjinga.

Siku ya kawaida kila kibwengo, kuanzia aliye mbele zaidi, anashuka ngazi ya maswali na kusimama penye "ndiyo" ya kwanza. Yuko ubavu kwa ubavu na baharia? Apige. Anamwona baharia ndani ya sentimita 20? Arushe jiwe. Kuna aliyebeba sanduku? Amfuate. Hakuna lolote? Amwendee aliye karibu.

Tuseme duru ya tatu imetoka shupaza 2, dadu zikaonyesha 3 na 5. Nane, kawaida. Kibwengo wa mbele anawaona mpiga upinde kwa sentimita 18 na wa mkuki kwa 14. Wa 14 ndiye. Dadu 4, jiwe linapita. Wa pili amezibwa na kifuu, haoni mtu, na sanduku bado halijabebwa, kwa hiyo anasogea sentimita 12 kumwendea wa mkuki. Wa tatu anao wawili, wote kwa sentimita 16: mmoja yuko nyuma ya kichaka, mwingine yuko wazi. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mkono unamchagua yule usiyempenda, ukiamini ni haki tu. Dawa ni kuandika mapema mpangilio wa kuvunja sare: aliye karibu, kisha asiye na kinga, kisha mwenye jeraha, na zikilingana zote, dadu. Aliye wazi anapigwa, 6, jeraha. Kazi yote haikuchukua dakika moja.

Ngazi hiyo ukiipangua, kiumbe anabadilika bila kuongeza sheria. Swali la sanduku likipanda juu kabisa, unapata jini mlinzi wa hazina: unamchoma ubavuni naye hageuki, macho yake yako kwenye mali. Futa swali la kurusha, na woga ugeuke kuwa kawaida, unapata maiti waliofufuka, wasiojua hofu wala jiwe. Zimwi tunampa mstari mmoja zaidi: akijeruhiwa mara ya kwanza, anasahau ngazi yote na kumwandama aliyemjeruhi mpaka mmoja afe.

Yapo mambo mawili ambayo kanuni nyingi za bure huyaacha, nayo ndiyo yanayoua mchezo. La kwanza ni chambo. Ukishajua kibwengo hupiga aliye karibu, utamtanguliza baharia mwenye ngao na wengine utawaficha nyuma yake. Ile mara 6 katika 36 ya wazimu imewekwa kwa ajili hiyo. Ukiona bado chambo kinafanya kazi mno, anzisha wazimu kwenye 9, uwe na namna 10. La pili ni umbali. Ukipima "karibu" kwa mstari ulionyooka, kibwengo atasukumana na jabali mpaka duru ya mwisho. Pima njia ya kupitika, kwa futi laini ya fundi cherehani inayopinda pembeni mwa vifuu. Rula ya shule haifai hapa.

Bado kuna ugonjwa wa kungoja. Adui wa karatasi hana subira wala haraka, basi mchezaji hukaa kwenye kinga akiwadonoa kwa mishale mmoja mmoja. Kwa hiyo lazima iwepo saa, na visiwani saa tunayo. Weka komwe 7 ndani ya kifuu kando ya meza. Kila duru ikiisha rusha dadu: 1, maji yametulia, 2 hadi 5, toa komwe 1, 6, toa 2. Wastani ni komwe 1 kwa duru. Kifuu kikiwa kitupu, dau limekwama, na kila nahodha wa Unguja na Pemba anajua maana ya kukwama kwenye bamvua, maji yanaposhuka zaidi ya mita 3. Piga hesabu: kulifikia sanduku ni zamu 2 za kukimbia, kulirudisha ni zamu 3 za kutembea, jumla 5. Kwa duru 7, baharia mmoja hupata zamu 4 au 5 tu. Ndiyo maana sanduku hupokezanwa, na ndiyo maana wapokeaji hawawezi kujificha.

Amri isiyotekelezeka ikitokea, kwa mfano woga na hakuna kinga ya kukimbilia, chukua ngazi ya kawaida. Dadu hairushwi mara ya pili kwa sababu "haileti maana"; ukiirusha mara moja utairusha kila inapokuuma. Na kama dadu zako ni zile za ludo, zijaribu kwanza: yeyusha chumvi nyingi ndani ya glasi ya maji mpaka dadu ielee, izungushe kwa kidole mara kumi. Uso uleule ukirudi juu kila mara, upande mmoja una uzito, itupe. Isiyoelea hata chumvi ikikataa kuyeyuka, kipimo hiki hakiiwezi, nunua nyingine.