Sura ya katuni haibadilishwi kwa komenti, jamani

Jana tena. Trela ya filamu mpya ya katuni imetoka, haijamaliza hata saa 3 mtandaoni, na mtu anayejua kabisa kazi ninayofanya ananitumia meseji: "Mbona macho yamekaa mbalimbali hivi, si wabadilishe tu sura kama walivyofanya kwa Sonic?" Toka 2019 sentensi hiyo imenifuata, kila tiza (trela fupi ya mwanzo) ya filamu ya familia ikitoka lazima mtu ailete, na leo nimeamua niandike yote mara moja ili siku nyingine niwe natuma linki basi.

Mimi ni animeta wa wahusika. Napokea rigi (mwili wa mhusika ndani ya kompyuta, wenye mifupa na vidhibiti vyake) ikiwa tayari, naifanya itembee, icheke, ilie. Hadithi siandiki, sura sibuni, trela sihusiki nayo kabisa, ila nimekaa katikati ya huo mlolongo miaka ya kutosha kuona nani anamsubiri nani, na ndiyo maana hilo neno "tu" linaniuma.

Tuanze na Sonic mwenyewe, yule kalunguyeye wa bluu wa michezo ya video aliyetengenezewa filamu, kwa sababu ndiye shahidi wa kila mtu. Trela ilitoka mwisho wa Aprili 2019, watu wakaona kalunguyeye ana meno ya binadamu, ikawa kelele dunia nzima, siku chache baadaye mwongozaji Jeff Fowler akaahidi kwamba sura itabadilishwa, filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020, mchoraji Tyson Hesse akaongoza muundo mpya, filamu ikatoka na ikapendwa. Mashabiki wakaondoka na somo moja: tukipiga kelele wanasikia. Sawa, walisikia. Lakini ile ni filamu ya waigizaji halisi! Jim Carrey alishapigwa picha, barabara ni barabara ya kweli, gari ni gari. Aliyehitaji kuvuliwa na kuvalishwa upya ni mhusika mmoja ndani ya dunia ambayo tayari ilikuwepo. Na hata huyo mmoja hakubadilika kwa kubonyeza kitufe, kuna watu walikesha. Tena mojawapo ya studio zilizofanya kazi ile ilifunga tawi lake la Vancouver Desemba 2019, kabla filamu haijatoka, kampuni ikataja shinikizo la soko na fursa bora mahali pengine. Sisemi ni Sonic aliyeifunga. Nasema tu kwamba ile hadithi ya ushindi wa mashabiki mnayoisimulia, upande wa pili kulikuwa na watu wanafunga mizigo mezani.

Sasa chukua filamu ambayo yote ni animesheni. Unataka macho yasogee ndani kidogo tu. Haya.

Modeli ya kichwa inabadilika, tekscha (rangi na ngozi) iliyopakwa juu yake inavutika, inapakwa upya. Rigi ya uso ina vidhibiti mamia, kope, nyusi, mashavu, kona za mdomo, na kila umbo la uso (furaha, kicheko cha kujizuia, karaha, ile nusu ya kilio) lilichongwa kwa macho yaliyokaa pale yalipokuwa. Yote hayo yanachongwa tena. Halafu yanakuja kwangu. Na hapa ndipo watu wasioifanya hii kazi hawaoni kabisa, kwa hiyo naomba univumilie: ukisogeza macho, unasogeza mtazamo. Mhusika aliyekuwa anamtazama mama yake usoni sasa anaonekana anatazama sikio lake. Uelekeo wa macho ndio uhai wote wa katuni, mtazamaji anajua mara moja nani anamwangalia nani hata kama hawezi kueleza amejuaje, na akihisi macho hayajagusa kitu, mhusika anakufa pale pale, anakuwa mwanasesere. Kwa hiyo inabidi nifungue kila shoti (kipande cha picha kisichokatwa) ambayo mhusika yumo, moja moja, nirekebishe macho kwa mkono. Na macho hayaendi peke yake, macho yakigeuka kichwa kinafuata, kichwa kikifuata shingo inabadilika, na muda wa kupepesa nao unakuwa umekosewa. Nimeshawahi kurekebisha shoti moja ya sekunde 4 kwa siku 3 kwa sababu ya mabadiliko madogo kuliko hayo, na mhusika mkuu wa filamu ndefu ana shoti mamia kwa mamia.

Mimi nikimaliza ndiyo nywele na nguo zinakokotolewa upya, watu wa taa wanaweka upya ule mng'ao mdogo kwenye mboni (bila ule mng'ao jicho linaonekana la maiti), halafu ndiyo kurenda, yaani kompyuta kutengeneza picha ya mwisho. Kwa Monsters University ya 2013, studio ya Pixar walisema fremu moja (picha moja tu) ilichukua wastani wa saa 29. Sekunde moja ni fremu 24, dakika moja ni fremu 1,440. Piga hesabu, kompyuta moja ingekaa zaidi ya miaka 4 kwa dakika moja tu ya filamu, ndiyo maana wana maghala ya kompyuta, na kila saa ya hayo maghala ina foleni.

Hilo ndilo "tu".

Kinachonichosha zaidi lakini ni kwamba mashabiki wamegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Mnajua ule msemo, udongo uwahi ungali maji? Filamu hizi hubadilika SANA, hubadilika kuliko mnavyofikiria, ila zinabadilika wakati bado ni maji, kwenye storibodi (hadithi kwa michoro) na animatiki (michoro hiyo ikiunganishwa na sauti), ambapo kuua mhusika mzima gharama yake ni michoro na machozi ya aliyeichora. Toy Story ilipoonyeshwa kwa Disney Novemba 1993 ikiwa bado michoro, mhusika mkuu, mwanasesere Woody, alikuwa mkatili asiyependeka, kazi ikasimamishwa, wakaandika upya, ndiyo tukapata ile ya 1995. Kwenye Frozen, malkia Elsa alikuwa adui mpaka ulipokuja wimbo mmoja ukawalazimisha kumwandika upya. Zootopia mhusika mkuu alikuwa mbweha Nick, mwisho wa 2014 wakageuza hadithi iwe ya sungura Judy, na filamu imetoka Machi 2016! Mtu wa nje angesema haiwezekani, hadithi nzima imegeuzwa zikiwa zimebaki miezi kama 16.

Sasa ona. Tiza inapokufikia, sura imeshakauka kitambo maana kila idara imejenga juu yake, lakini hadithi mara nyingi bado ina unyevu, mistari inaandikwa upya, waigizaji wanaitwa tena kurekodi, tukio linahamishwa kutoka mwisho kwenda katikati. Na mashabiki wanafanya nini? Wanalilia sura, halafu hadithi wanaikubali kama ilivyo, "nimeshaijua filamu yote kwenye trela". Hujaijua. Inawezekana hata sisi hatujaijua.

Tiza ya Shrek 5 ilipotoka Februari 2025 nilijua kabla sijafungua simu. Sura za Shrek, lile zimwi la kijani, na wenzake zimebadilika, watu wakaja juu, na baadaye tarehe iliposogezwa mpaka Juni 2027 ikawa "ahaa, wanarekebisha sura, tumeshinda". Tarehe ya filamu ya familia ni kama nafasi ya kuegesha gari jamani. Unaangalia likizo za shule, unaangalia nani mwingine amepaki pale, unaangalia kama kazi itaisha bila kuwaua watu. Kusogezwa kunaweza kumaanisha hadithi ina shida, na kunaweza kumaanisha hakuna shida yoyote ila wiki ile ina mpinzani mkubwa. Kwa nje havitofautiani.

Kwenye sauti za waigizaji nako ni kelele zile zile. Kabla The Super Mario Bros. Movie haijatoka, tiza ya Oktoba 2022 watu walitaka Chris Pratt, aliyempa Mario sauti, atolewe. Sauti tunaipokea KABLA ya kuanimeti, tunaisikiliza mara mia, pumzi, kusita, pale alipomeza mate, na mwili mzima wa mhusika unajengwa juu yake, siyo midomo peke yake. Kubadilisha sauti kunawezekana, kumetokea: mwigizaji wa kwanza wa sauti ya Shrek, Chris Farley, alikuwa amerekodi sehemu kubwa sana kabla hajafariki Desemba 1997, akaja Mike Myers, naye baada ya kurekodi akaomba arudie yote kwa lafudhi ya Kiskoti, wakamkubalia, na gharama ilikuwa mamilioni ya dola. The Good Dinosaur walibadilisha karibu waigizaji wote na filamu ikatoka 2015 badala ya 2014. Lakini angalia nani aliamua. Ni watu waliokuwa ndani, wameiona filamu nzima ikiwa mbaya.

Trela haraka haraka. Hatuitengenezi sisi. Ni watu wa masoko, na wanachukua shoti zilizokwisha, siyo zilizo bora, kwa sababu zilizo bora mara nyingi ni za mwisho wa filamu na hazijaguswa bado. Wakati mwingine tunaombwa tukimbize shoti fulani kwa ajili ya trela, halafu tunairudia kwa utulivu baadaye. Shoti yangu moja ilitoka kwenye trela nywele zikiwa za muda, hazijakokotolewa vizuri, watu wakaichambua wiki nzima, mmoja akazungushia duara jekundu. Miezi 5 baadaye ikakamilika, ikatoka vizuri mno, naipenda mpaka leo. Na kuna trela ambazo hata hazimo kwenye filamu: tiza ya kwanza ya Frozen ni Olaf na yule kulungu wanagombania karoti juu ya barafu, tukio hilo halipo kwenye filamu, na watu walihitimisha kwamba ni vichekesho vya mtu wa theluji.

Na wale wa "inaganda, fremu chache, bajeti imeisha": Spider-Verse ya 2018, ile katuni ya Spider-Man, sehemu nyingi pozi moja inashikiliwa fremu 2, yaani mapozi 12 kwa sekunde, kwa makusudi. Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, anaanza hivyo kwa sababu bado hajauzoea mwili wake, Peter, Spider-Man mzoefu, pembeni yake anakwenda laini. Puss in Boots ya 2022 nayo ilitumia ugandaji huo kwenye mapigano. Mtu alichagua kila fremu iliyotolewa. Ni kazi zaidi, siyo pungufu.

Haya, sasa upande ambao sisi hatupendi kuusema. Shabiki akisema "uso wake unanitisha", mara nyingi yuko sahihi. Dawa anayotoa ndiyo siyo, ugonjwa ameuona. Na sisi tunaweza tusiuone, kwa sababu nimeutazama uso huo miaka 2, kila siku, kwa ukubwa wa skrini nzima, nimeshauzoea kama sura ya ndugu yangu, macho yangu hayana tena uwezo wa kuushangaa. Mtu anayeuona kwa mara ya kwanza ana kitu ambacho mimi nimekipoteza na sikirudishi. Meno ya yule Sonic lazima yalipita mbele ya watu wengi wenye vipaji kuliko mimi, na yakapita. Hilo linanitia hofu kila ninapoanza filamu mpya, sijapata namna ya kujikinga nalo, na sidhani ipo.

Kubashiri nako hatuwezi. Nimefanya kazi kwenye filamu ambayo chumba kizima tuliamini itapendwa, ikapita kimya, na nyingine tuliyoimaliza kwa kuchoka na kulalamika, watoto wakaishika moyoni. Tarehe 20 Juni 2025 zilitoka hadithi mpya mbili siku moja, Elio ya Pixar kwenye majumba ya sinema na KPop Demon Hunters kwenye Netflix. Elio ikapata ufunguzi mdogo kuliko wowote katika historia ya Pixar. Ile nyingine, ambayo kwenye orodha nyingi za "tunazosubiri kwa hamu" sikuiona hata kwa bahati mbaya, ikawa filamu iliyotazamwa zaidi katika historia ya Netflix. Nionyeshe trela zote mbili tena leo, nifutie kumbukumbu, sitakuambia ipi ni ipi.

Na wale mliokuwa mnasema hakuna hadithi mpya, kila siku sehemu ya 5, sehemu ya 6, mlikuwa wapi wikiendi ile? Nimeuliza kwa uchungu kabisa, kwa sababu kuna watu nawaheshimu waliotoa miaka yao kwenye Elio.

Yule wa jana nimeshamjibu. Macho hayatasogea. Ila ule mzaha wa mwisho wa trela, aliosema amecheka mpaka akarudia mara 3, huo ndio sina uhakika kama atauona kwenye filamu.