Jamani, h ya 38 si alama ya mtihani

Juzi tena. Tumekaa watano kuchuja maombi ya kazi ya utafiti wa biolojia ya molekuli, mwenzetu akapita wasifu mbili haraka mpaka kwenye fahirisi ya h, tarakimu ya kupima jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa, akatangaza: "Huyu h yake 38, yule 14. Tumemaliza." Hatujamaliza. Hata hatujaanza.

Fahirisi ya h aliipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 14, una makala 14 zilizonukuliwa angalau mara 14 kila moja. Basi. Haishuki kamwe, kwa hiyo hata marehemu anaweza kuendelea kupanda. Na aliyeandika makala tano tu, hata ziwe zimetikisa dunia, h yake haitavuka 5. Isitoshe, hifadhidata za nukuu hazikubaliani: Google Scholar itakupa idadi moja na Web of Science nyingine, kawaida ndogo zaidi, kwa mtu yuleyule na siku ileile.

Kinachonikera hasa ni imani kwamba kunukuliwa ni kusifiwa. Makala iliyonukuliwa kuliko zote ni ya Lowry na wenzake, ya 1951: namna ya kupima kiasi cha protini. Imepita nukuu 300,000. Makala ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA? Jarida la Nature lilipoorodhesha makala 100 zinazoongoza, mwaka 2014, haikuwemo. Ugunduzi ule umeshamezwa na vitabu vya kiada, na hakuna anayeona haja ya kuutolea marejeo. Lakini ukipima protini kwa njia ya Lowry, unamtaja Lowry, kama unavyotaja chapa ya mashine uliyotumia. Mwenyewe alikiri kwamba hakuiona kuwa makala kubwa kiasi hicho.

Au chukua Laemmli, 1970. Kila aliyewahi kutenganisha protini kwenye jeli anamjua. Makala yenyewe inahusu jinsi kichwa cha virusi T4, wanaoshambulia bakteria, kinavyoundwa. Jeli ilikuwa chombo tu cha kulijibu swali hilo. Kati ya maelfu kwa maelfu waliomnukuu, ni wangapi wanaokumbuka hao virusi? Mimi nilimnukuu kwenye tasnifu yangu kabla sijasoma makala yake. Nimeshatubu.

Halafu suala la nafasi ya jina kwenye orodha ya waandishi wa makala. Kwetu sisi, wa kwanza ndiye aliyekesha maabara, wa mwisho ndiye mwenye maabara. Wanahisabati wengi hupanga kwa alfabeti, kwa hiyo usiwapelekee kanuni hii. Ila h haijali: wa kwanza na wa kumi na saba wanapata kilekile. Na hapo katikati pana giza. Wa saba anaweza kuwa aliyetoa plazimidi moja (kiduara cha DNA cha kufanyia majaribio) kwenye bahasha, au aliyechambua data zote kwa miaka miwili akapoteza mvutano wa kupanga majina. Siku hizi majarida mengi yanadai tamko la mchango wa kila mwandishi. Nalisoma, lakini limeandikwa na walewale waliovutana, kwa hiyo sijui niliamini kwa kiasi gani.

Kigezo cha athari cha jarida sitakigusa sana. Ni wastani wa nukuu za makala za jarida zima, makala chache zinawabeba wenzao wote, na Azimio la San Francisco lililoanzishwa mwaka 2012 lilishasema kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Watu husaini, kisha wanauliza, "Ametoa kwenye jarida gani?"

Nisijifanye mtakatifu. Yakija maombi 200, nami jicho hunitoroka kuelekea kwenye tarakimu, na njia bora ya kuchuja kwa siku mbili sina. Makala yangu inayonukuliwa zaidi ni itifaki, yaani maelekezo ya maabara, ya kusafisha RNA niliyoiandika harakaharaka. Ile ninayojivunia ina nukuu tisa, mbili ni zangu.

Tukafungua orodha zenyewe. Yule wa 14 ni wa kwanza au wa mwisho karibu kila mahali. Yule wa 38 yumo katikati ya miradi yenye waandishi mamia. Je, wa 14 ndiye bora? Bado sina hakika; huenda huyo wa 38 ndiye aliyeshikilia data zote. Tumegawana makala tatu tatu tuzisome kabla ya kikao kijacho. Mwenzetu bado hajafungua faili.