266 si asilimia: mtihani wa uwakili wa New York na hesabu zinazopotosha watahiniwa

Julai na Februari, miezi ya mtihani huu, zikikaribia naletewa hesabu ile ile: chukua 266, alama ya kufaulu New York, gawanya kwa 400, alama zote za mtihani, upate asilimia 66.5. Basi mtahiniwa anafanya maswali 100 ya mazoezi, anapata 62, anaanza kutafuta njia ya kuahirisha mtihani. Jamani, hesabu hiyo iacheni. Nimeona wenye uwezo wakijitoa kwa sababu yake.

UBE (Uniform Bar Examination), mtihani wa pamoja wa uwakili unaotumiwa na New York na majimbo mengine mengi, una nusu mbili. Ya kwanza ni MBE, maswali 200 ya kuchagua jibu. Ya pili ni maandishi: insha sita, ziitwazo MEE, na kazi mbili za vitendo vya uwakili, ziitwazo MPT. Kila nusu ina alama 200. Lakini katika maswali ya MBE, 25 ni ya majaribio tu na hayahesabiwi, wala huwezi kuyatambua. Unasahihishiwa 175. Idadi uliyopata haiendi moja kwa moja kwenye matokeo: ndani ya kila mtihani huwekwa maswali yaliyowahi kutumika, na kwa hayo hupimwa kama mtihani wa safari hii ni mgumu kuliko uliopita. Ukiwa mgumu, majibu sahihi yale yale yanakupa alama kubwa zaidi. Kwa hiyo 133 (nusu ya 266) ya Februari ina uzito ule ule wa 133 ya Julai, na maneno ya kwamba msimu fulani ni mwepesi hayana msingi. Insha nazo husahihishwa kwa kulinganishwa na za watahiniwa wengine wa jimbo hilo, kisha alama zake hupangwa upya zifuate mtawanyiko wa MBE. Asilimia iko wapi hapo? Wala hakuna idadi ya watu iliyopangwa kufelishwa.

Mahali ambapo hesabu ya asilimia inafanya kazi ni kwenye mtihani wa sheria za New York zenyewe, unaofanywa kando: maswali 50, upate 30.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia kwa watahiniwa. “Lazima nifaulu kila sehemu.” Hili linatoka nyumbani. Kenya, mitihani ya kuingia uwakili hudai asilimia 50 katika kila karatasi, na uliyoanguka unairudia peke yake. UBE hujumlisha. MBE 140 na maandishi 126 ni 266, umefaulu. Ukipata 265, unarudia vyote.

“Jibu la kubahatisha hukatwa alama.” Halikatwi. Usiache swali hata moja wazi.

“Nikifeli New York nimefeli Marekani.” Missouri hufaulisha kwa 260, Texas hudai 270. Aliyepata 262 anaweza kuhamisha alama zake, ila asome kwanza masharti ya jimbo analoliendea, hasa kama shahada yake ni ya Dar es Salaam au Nairobi. California ina mtihani wake, msiichanganye na haya.

Na hili la MPT kuachwa hadi wiki ya mwisho, “kwa kuwa haina cha kukariri”. Kweli haina: unapewa jalada la mteja na sheria zote unazohitaji, uandike waraka wa kisheria au barua kwa dakika 90. Lakini kila kazi moja ni asilimia 10 ya mtihani mzima, sawa na insha mbili. Mwanasheria aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mawakili Kariakoo akiandaa hoja za kesi ana faida hapa kuliko kijana aliyetoka chuoni jana, na ndiye huyo anayeipuuza! Fanyeni moja kila wiki tangu mwanzo, saa ikiwa mezani, na mkifika dakika ya 45 muwe mmeshaanza kuandika. Someni maelekezo ya bosi kwanza, yaani waraka unaowaambia cha kuandika, kabla ya jalada lenyewe. Anayeombwa barua kwa mteja akaandika hoja za mahakamani hupoteza alama ambazo hakuna kitabu kingemrudishia.