Trufeli za matunda nyumbani: yanayosemwa Tanga na yaliyo kweli

Ukisema pale Ngamiani kwamba unatengeneza trufeli, vile vitonge laini vya chokoleti vilivyovikwa koti gumu la rangi, ushauri utaupata hujamaliza kusema. Mwingi wake utakuharibia chokoleti, na chokoleti si bei ya karanga.

"Ukitaka ladha ya matunda, mimina juisi."
Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Chokoleti karibu haina maji kabisa. Tone likiidondokea ikiwa imeyeyuka, chembe za sukari zinashikana na bakuli zima linakuwa madonge. Kama ni pasheni, chemsha juisi hadi kikombe kibaki vijiko vichache, ndipo uitie kwenye kiini, yaani ule mchanganyiko laini wa ndani wa chokoleti na krimu, si kwenye koti. Usiichemshe pamoja na krimu, kwa sababu uchachu wake unaweza kuikatisha.

Chungwa halihitaji hata juisi. Harufu yake imo kwenye mafuta ya ganda: likunje ganda bichi karibu na mshumaa, utaona cheche zikiruka. Paruza sehemu ya juu tu, maana ile nyeupe ya ndani ni chungu. Tia kwenye krimu ya moto, funika dakika 20, chuja. Na usiyapite machungwa ya Muheza kwa kuwa ni ya kijani. Usiku wetu una joto, kwa hiyo chungwa linaiva bila kugeuka rangi.

Kwangu mimi, tunda linaloshinda yote kwa kazi hii ni ubuyu. Unga wake ni mkavu tangu mtini na uchachu wake unakata utamu wa chokoleti nyeupe. Nunua ule mweupe mtupu, si ubuyu mwekundu uliokwisha pikwa na sukari.

"Ikishikana, tupa."
Usitupe. Ongeza krimu ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, itarudi kuwa laini. Haifai tena kwa koti, lakini kwa kiini inafaa sana.

"Koti likiwa zito, ongeza mafuta ya nazi."
Kijiko kidogo, sawa. Ukizidisha, umejitakia. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, siagi ya kakao kwenye 34 hivi, na mchana wa kaskazi Tanga unapita 30. Hesabu ni yako. Ndani nako punguza maji: kwa chokoleti nyeupe, gramu 300 kwa gramu 100 za krimu ndicho kipimo cha kawaida; msimu wa joto mimi nashusha krimu hadi 75.

"Rangi yoyote ya keki inafaa."
Ya maji haifai, itaishikanisha chokoleti kama lile tone. Tafuta ya mafuta au ya unga.

"Vikitoka weupe juu, vimeota ukungu."
Mara nyingi ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu baada ya kupata joto, au sukari iliyoyeyushwa na unyevu ikakauka tena. Vinalika. Huo unyevu huletwa na friji: ukitoa vitonge vya baridi kwenye hewa yetu ya pwani, vinatoa jasho papo hapo. Viweke kwenye kopo lenye mfuniko, na ukilitoa usilifungue mpaka baridi iishe.