Bakteria wa udongo na artemisia yetu: yasemwayo na yaliyo kweli

“Wanapandikiza vijidudu kwenye dawa.” Maneno haya huzuka kila mtu anapotaja artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria, na uhandisi jeni, yaani kubadilisha jeni (maelekezo ya urithi) za mmea, iwe Tengeru au soko la Kilombero, hapa Arusha. Bakteria anayelaumiwa, Agrobacterium, anaishi udongoni, hakutengenezwa maabara. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya waridi pale Usa River huenda wameuona uvimbe anaousababisha shinani, karibu na ardhi. Uvimbe huo hutokea kwa sababu bakteria huyo hupenyeza kipande cha DNA yake, inayobeba jeni, kwenye seli za mmea. Wanasayansi waliziondoa jeni za uvimbe, wakaweka jeni wanayoitaka, na mwaka 1983 mimea ya kwanza iliyobadilishwa hivyo ikatangazwa. Vipande vya jani vikishapokea jeni, bakteria huuawa kwa antibaiotiki. Mche hukua na jeni mpya, bila kijidudu.

“Ni kuvuruga maumbile.” Basi tuanze na viazi vitamu. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba aina zote 291 za viazi vya kulimwa walizozipima zina DNA ya Agrobacterium, iliyoingia yenyewe zamani, na ndivyo tunavyonywea chai asubuhi. Hilo halihalalishi kila mmea uliobadilishwa. Kila mmoja upimwe peke yake.

“Migomba ya tishu nayo ni GMO,” yaani mimea iliyobadilishwa jeni. Hapana. Hukuzwa kwenye chupa kutoka kipande cha mgomba mama, bila kuongezewa jeni.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: artemisia ikiongezewa nguvu, chai yake itatosha kutibu malaria. Artemisinini, kiini cha dawa kilichomo kwenye artemisia, hukaa kwenye vitezi vidogo vya majani, na kiasi chake hutofautiana mmea hadi mmea. Utafiti wa jeni unalenga kukiongeza ili kiwanda kikamue zaidi, kisha dawa ipimwe na kuunganishwa na nyingine, ndiyo maana tunaiita dawa mseto. Kikombe cha chai hakina kipimo. Vimelea vinavyobaki hai baada ya dozi pungufu vinaweza kuwa sugu, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa.

Wasiwasi wenye msingi upo, ila hausemwi sana: artemisia huchavushwa na upepo. Shamba lenye jeni mpya linaweza kuchanganyika na la jirani. Mkulima anayo haki ya kuuliza litatengwa kwa umbali gani, na mbegu zake zitamilikiwa na nani, kabla halijapandwa.